Mchezo wa Vita wa Mezani: Wamirihi Wanapovamia Uingereza ya Malkia Victoria

Mchezo wa vita wa mezani ni mchezo ambao watu wawili au zaidi wanapigana vita vya kubuni kwa vijisanamu vya askari, farasi, mizinga na mashine, juu ya meza iliyopangwa ikafanana na nchi: hapa kilima, pale kijiji, katikati mto na daraja lake. Wachezaji hupeana zamu. Anayesogeza askari hupima umbali kwa rula au futi kamba, na anayefyatua risasi hurusha dadu ili ijulikane kama imempata adui. Mchezaji wa bao anaziona kete zote, na hakuna bahati ndani yake. Huku bahati ipo, kwa sababu vitani ipo, na ufundi wa mchezaji ni kupanga mambo yake ili hata dadu zikimgeuka asiangamie.

Michezo hii ina matawi mengi. Wapo wanaorudia vita vya Napoleon, wapo wa Vita Kuu ya Pili, wapo wa mazimwi na majini ya ngano. Hapa nazungumzia tawi linalotokana na hadithi za kubuni za kisayansi za zama za Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Mezani utakuta askari wa koti jekundu, wapanda farasi wenye mikuki, mizinga ya kukokotwa na farasi na manowari za makaa ya mawe. Upande wa pili kuna mashine ndefu za miguu mitatu zilizotoka sayari ya Mirihi, zenye silaha inayounguza kila inachokielekea.

Pande hizo mbili hazilingani hata kidogo, na ndiyo maana tawi hili linastahili maelezo yake peke yake. Kila mbunifu wa mchezo wa aina hii anakabiliwa na swali lilelile: vita visivyo na usawa vitageuzwaje kuwa mchezo wa haki, ambao kila aliyeketi mezani ana nafasi ya kweli ya kushinda?

Chimbuko la michezo ya vita tunayoijua leo ni jeshi la Prussia, ufalme wa Wajerumani wa wakati huo. Mwaka 1824 luteni Georg von Reisswitz alitoa sheria za mchezo aliouendeleza kutokana na kazi ya baba yake. Maofisa walisogeza vipande vyekundu na vya buluu juu ya ramani halisi, dadu ziliamua hasara, na mwamuzi alikaa katikati akijua siri za pande zote. Mkuu wa majeshi, Karl von Müffling, mwanzoni aliupokea kwa ubaridi, lakini ulivyoendelea aliukubali kuwa ni mafunzo ya vita, akataka vikosi viwe nao. Haukuwa mchezo wa kupotezea muda.

Aliyeutoa mchezo kambini akauingiza sebuleni kwa watu wa kawaida ni H. G. Wells, mwandishi Mwingereza. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kidogo cha sheria, *Little Wars*. Tangu 1893 kiwanda cha William Britain kilikuwa kinatengeneza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa nao. Wells aliwapanga sakafuni katikati ya nyumba za kadibodi na vitawi vya miti. Askari wa miguu alisogea futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2. Mizinga yake ilikuwa midoli yenye springi iliyorusha vijiti vya mbao, na askari aliyeangushwa na kijiti alihesabiwa amekufa. Hakukuwa na dadu ya kuamua shabaha. Jicho na mkono wa mchezaji ndivyo vilivyoamua.

Wells huyo ndiye aliyeandika *The War of the Worlds*, iliyotoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1897 na kuwa kitabu mwaka 1898. Mtu mmoja alitupa hadithi mama ya uvamizi kutoka sayari nyingine, na mtu huyohuyo akatupa mchezo wa vijisanamu. Yeye mwenyewe hakuviunganisha viwili hivyo. Wachezaji waliokuja baadaye ndio waliofanya hivyo.

Hadithi yenyewe inaanzia karibu na mji wa Woking, kusini-magharibi mwa London, ambako Wells aliishi alipokuwa akiiandika. Alizunguka kwa baiskeli akichagua mahali pa kuangamizwa na Wamirihi, na ndiyo maana vijiji, barabara na madaraja ya kitabuni ni ya kweli. Kwa mpangaji wa meza hiyo ni zawadi kubwa: anachukua ramani ya Horsell, Weybridge au Shepperton na kujua mizinga ilisimama wapi na adui alitokea upande gani.

Na alitokeaje! Magazeti ya kitabuni yanazitaja mashine zinazokaribia futi 100 kwenda juu, yaani kama mita 30. Zina silaha mbili. Ya kwanza ni mwali wa joto, usioonekana, unaowasha watu, miti na nyumba kwa kupitishwa tu juu yao. Ya pili ni moshi mweusi, gesi nzito ya sumu inayotambaa mabondeni. Lakini Wells hakuwafanya wavamizi wasioguswa. Pale Shepperton kombora linaipata mashine moja kichwani na kuiangusha mtoni. Kuanzia hapo Wamirihi wanabadili mbinu: badala ya kusogelea, wanafukiza moshi kila kichaka wanachodhani kimeficha mizinga. Ukurasa huo mmoja unampa mbunifu karibu sheria zake zote. Binadamu anaweza kuua, ila anahitaji kujificha, kungoja na kuwa na mizinga mingi. Na mvamizi akishajeruhiwa, anajifunza.

Tuone mambo hayo mezani. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini ni wa aina inayotumika sana. Kila mzinga unarusha dadu moja, na 6 tu ndiyo inayopata shabaha. Kwa kuwa ngozi ya mashine ni ya chuma kigumu, aliyepata anarusha tena, na 5 au 6 ndiyo inayotoboa. Mzinga mmoja basi una nafasi 1 kati ya 18 ya kuiangusha mashine. Kikosi cha mizinga 4 kikifyatua pamoja kina nafasi ya asilimia 20 hivi. Mizinga 12 inakaribia asilimia 50.

Mtu angesema basi niikusanye yote 12 mahali pamoja. Hapo ndipo mchezo unapokuwa mtamu, kwa sababu mwali wa joto hauhitaji dadu. Mchezaji wa Wamirihi analaza rula kutoka kwenye kichwa cha mashine, na kila kilicho chini ya rula hiyo, umbali wa sentimita 40, kinaondolewa mezani. Mizinga 12 iliyopangwa mstari mmoja inaweza kufutika kwa zamu moja. Ukiitawanya, mwali hauipati yote, lakini si yote itakayomwona adui kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kamanda wa binadamu anaanza kuhesabu: nikiacha kikosi kimoja nyuma ya kanisa na kingine kwenye mteremko, mashine ikigeukia kimoja itaupa kingine mgongo. Anajua kuwa atapoteza watu. Anachopanga ni wapi wapotee na wamnunulie nini.

Wengine husawazisha kwa alama. Kila kijisanamu kina bei: askari wa miguu alama 1, mzinga alama 10, mashine ya Mirihi alama 150, na kila upande unanunua jeshi la alama zinazolingana. Njia hii ni rahisi na inatosha kwa jioni ya haraka. Binafsi naiona dhaifu kwa vita vya aina hii, maana kujaza meza askari 300 wa kuunguzwa hakumpi mchezaji jambo la kufikiria. Njia bora ni kubadili maana ya ushindi. Upande wa Mirihi unatakiwa kuangamiza na kusonga mbele. Upande wa binadamu unatakiwa kuokoa.

Mfano mzuri kabisa umo kitabuni, pwani ya Essex. London inakimbiwa, na wakimbizi wamejazana ndani ya meli wakitafuta njia ya kuvuka bahari. Mashine tatu zinaingia majini kuwafuata. Ndipo inapotokea Thunder Child, manowari iliyoundwa kugonga meli za adui kwa omo yake. Inakuja kwa kasi bila kufyatua hata kombora moja, na Wamirihi wanasita kwa kuwa hawajui ni kitu gani. Inaanguka mashine ya kwanza, kisha ya pili, na manowari yenyewe inaangamia. Meli za wakimbizi zinapata muda wa kutoka.

Ukiupanga mezani, hesabu ya mwisho si ya mashine zilizovunjwa. Ni ya meli za abiria zilizofika ukingo wa pili wa meza. Manowari ikizama na meli tano zikavuka, binadamu ameshinda. Na ile hali ya kusita inaingizwa kirahisi: manowari isipofyatua, mchezaji wa Mirihi lazima apate 4 au zaidi kwenye dadu ndipo aruhusiwe kuipiga. Nahodha anajikuta anajizuia kufyatua ingawa mizinga yake iko tayari, na mkono wa mpinzani unazidi kukaza dadu kila manowari inaposogea.

Kuna pia saa inayokwenda chinichini. Kitabuni Wamirihi wanauawa na bakteria, viumbe vidogo ambavyo miili yao haikuwa na kinga dhidi yake. Ukiingiza jambo hilo kama bahati nasibu tupu, unaharibu kila kitu: mchezaji aliyepigana vizuri saa mbili anaondolewa na ugonjwa. Wanaojua hulifanya liwe shinikizo. Kuanzia zamu ya nane, tuseme, kila mashine inarusha dadu, na ikitoka 1 inapunguza mwendo. Mvamizi anajua hana muda, na binadamu anajua kila zamu anayoongeza ina thamani.

Tawi hili lina upande wake wa pili, ambao binadamu ndio wanaokwenda Mirihi. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia aliona mistari juu ya Mirihi, na baadaye Percival Lowell wa Marekani akashikilia kuwa ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Haikuwa kweli, lakini hadithi ziliipenda. Mwaka 1988 Mmarekani Frank Chadwick alitoa mchezo wa *Space: 1889*, ambamo Thomas Edison amevumbua chombo cha kusafiri angani na mataifa ya Ulaya yanagombania makoloni Mirihi, kwa merikebu za mbao zinazoelea hewani na bendera za Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kupita bila kusimama. Michezo mingi ya tawi hili imejengwa juu ya sheria za vita vya ukoloni, na vita hivyo vilitupata sisi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kasri la Sultani Khalid bin Barghash pale Unguja. Muda haukufika saa moja kila kitu kikawa kimekwisha, na Glasgow, meli ya Sultani, imezama bandarini. Mwaka kitabu cha Wells kilipotoka, pale Omdurman nchini Sudan, bunduki za Maxim, zinazofyatua risasi mfululizo, na mizinga ya jeshi la Waingereza viliua zaidi ya Wasudani 10,000 asubuhi moja, na upande wa Waingereza waliokufa hawakufika 50. Hao ndio walioonja mwali wa joto miaka ileile ya kitabu cha Wells.

Wells alilijua hilo, na alilisema katika kurasa za mwanzo kabisa. Aliwakumbusha Waingereza walivyowatendea watu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, kisha akauliza kama wao ni mitume wa huruma kiasi cha kulalamika Wamirihi wakiwafanyia vivyo hivyo. (Aliamini watu wa Tasmania walitoweka wote, lakini kizazi chao kipo hadi leo.) Uvamizi wa Mirihi ni ukoloni uliogeuziwa Waingereza wenyewe, na ndiyo sababu naupenda mchezo wa Wamirihi nchini Uingereza kuliko ule wa Waingereza kule Mirihi. Wa kwanza unamkalisha mchezaji kwenye kiti cha aliyezidiwa silaha. Wa pili, usipoandikwa kwa uangalifu, unarudisha picha ya zamani ya mwenyeji asiye na jina anayengoja kupigwa. Mchezo wa Chadwick angalau unawapa Wamirihi miji yao, wafalme wao na mikakati yao, na anayepanga meza anapaswa kuyashikilia hayo.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Wengi hutumia askari wa milimita 28, lakini kwa kipimo hicho mashine ya mita 30 itafika nusu mita na kuyumba. Askari wa milimita 15 wanafaa zaidi: mashine inakuwa kama sentimita 30, bado ya kutisha, na meza ya kulia chakula inatosha. Kichwa chake kinaweza kutengenezwa kwa vifuniko viwili vya chupa vilivyogundishwa, miguu kwa waya mnene, na rangi ya fedha juu. Kilicho muhimu ni waya huo uwe mgumu, vinginevyo mashine itaanguka kabla ya kupigwa.

Mkishapanga vita visivyo na usawa, chezeni mara mbili kwa kubadilishana pande. Aliyekuwa Mirihi anachukua binadamu, meza na sheria zikibaki zilezile, na mnalinganisha ni nani aliyevusha meli nyingi zaidi.