Nichore Nini Leo? Dhana Potofu Kuhusu Dokezo la Siku

Dokezo la siku ni neno tu. "Jivu." "Kiatu." "Kitu cha manjano." Unalipata asubuhi, na kabla hujalala uwe umechora jambo linalohusiana nalo, hata likiwa dogo kama kisanduku cha kiberiti. Mazoezi ya namna hii yalishika kasi mitandaoni baada ya mwaka 2009, Mmarekani Jake Parker alipojipa kazi ya kuchora kwa wino siku zote 31 za Oktoba na kuiita Inktober. Yalivyoenea, na maneno yasiyo na ukweli yakaenea nayo.

"Mimi sina kipaji, mkono wangu hauchori"

Mkono unaoweza kuandika jina lako unaweza kuchora. Kinachowaangusha wengi ni jicho. Mwambie mtu achore kikombe kilicho mbele yake mezani: juu ataweka duara, chini mstari ulionyooka, maana anajua mdomo wa kikombe ni mviringo na kitako ni bapa. Sasa kitazame chenyewe. Kutoka pale ulipokaa, mdomo unaonekana kama yai lililolala, na kitako nacho kimepinda, tena kimepinda kuushinda mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako. Nilikichora kikombe changu cha bati siku tatu mfululizo na kila siku kilikuwa kama kinataka kuanguka. Siku ya nne nikakipinda kitako, kikakaa.

Hiyo ndiyo faida ya kuchora kila siku. Unajizoeza kuchora unachokiona, na kuacha kuchora unachokijua.

"Kupangiwa cha kuchora ni kufungwa mikono"

Hapa nabishana na marafiki zangu kila mara. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alikuwa na vibao vya kufunikia dari na rangi za kupakia baiskeli. Rangi zenyewe ziling'aa na hazikuwa za aina nyingi. Humo ndimo walimotoka wale ndege na wanyama wenye mipaka mikali, ambao hadi leo huhitaji kuambiwa ni Tingatinga. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake bado unachorwa.

Aliyeachiwa achore "chochote" huzunguka na karatasi nusu saa, kisha anachukua simu. Aliyeambiwa "kiatu" anaangalia kiatu.

"Ukiruka siku moja umeharibu yote"

Si kweli. Hata Parker mwenyewe aliwaruhusu watu kuchora siku moja na kuruka moja, au mara moja kwa wiki.

"Majani ni ya kijani, kivuli ni cheusi"

Pita chini ya mwembe unaochipua. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba inayoelekea wekundu, yakining'inia kama nguo mbichi kambani. Ukijani huja baadaye. Na kivuli kwenye ukuta mweupe saa sita mchana kina ubuluu, kwa sababu jua limezibwa na pale panapata mwanga wa anga. Ukikipaka rangi nyeusi tupu, ukuta utaonekana kama umetobolewa.

Sisi tuna bahati moja ambayo hatuitumii. Mizizi yetu ya kale ya rangi ni mitatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingi zilizobaki tumezipa majina ya vitu. Kijani kinatokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa. Manjano ni kiungo cha kupikia, waridi ni ua, zambarau ni tunda linalopaka ulimi. Kisha kuna damu ya mzee, na maji ya kunde tunayosemea rangi ya mwili wa mtu. Mwenye majina haya hahitaji programu ya kumtumia madokezo. Ana ya wiki nzima na zaidi.

Jaribu maji ya kunde. Chemsha kunde nyekundu, mimina maji yake kwenye bakuli jeupe, kisha uyatafute kwa rangi za maji: nyekundu, manjano kiasi, na buluu tone moja. Itakuja nyekundu mno. Ongeza manjano, ikimbilie chungwa. Nilimaliza karatasi mbili, na tangu siku hiyo siwezi kusema tu "kahawia" nikaridhika.

"Nyekundu, manjano na buluu huzaa rangi zote"

Tulifundishwa hivyo shuleni, na kwa kiasi fulani inasaidia. Lakini changanya nyekundu na buluu za kisanduku cha bei ndogo uone zambarau utakayopata: mara nyingi ni matope. Nyekundu hiyo huwa na umanjano ndani yake, na manjano ikikutana na zambarau kila moja inaua mwenzake. Wachapaji hawatumii utatu ule. Wana magenta, yaani nyekundu inayoelekea zambarau, manjano na buluu inayoelekea kijani, pamoja na nyeusi. Magenta na manjano zikichanganywa zinatoa nyekundu, ile tuliyoambiwa haizaliwi na rangi nyingine. Na kijani chako kikiisha, weka nyeusi kidogo sana kwenye manjano: utapata kijani kilichofifia, kinachofaa kabisa kwa majani makavu kuliko kile cha dukani.

"Bila vifaa vizuri usianze"

Kaunta buku ya kwaya mbili na peni ya buluu vinatosha mwezi mzima, mistari ya daftari haimzuii mtu. Rangi nazo ziko jikoni. Manjano iliyokorogwa na maji inapaka vizuri, kahawa iliyobaki kikombeni pia. Juisi ya zambarau ina mchezo wake: ukiidondoshea ndimu inaelekea waridi, ukiipa maji ya magadi inaelekea buluu au kijani, yote kutoka tunda moja. Nilijaza ukurasa mzima kwa matone hayo, nikaandika chini ya kila moja nilichotia.

Ubaya wake, rangi hizi hazivumilii mwanga. Ukurasa ule niliubandika karibu na dirisha, na sasa matone yote yanakaribia kuwa rangi moja, hudhurungi. Maandishi ya peni ndiyo yanayoniambia lipi lilikuwa la ndimu.