Maswali na Majibu: Zoezi la Uzingativu na Utulivu wa Akili

Uzingativu ni nini?

Ni zoezi la kuelekeza mawazo kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa hivi, kwa mfano pumzi inavyoingia na kutoka, bila kulihukumu kuwa ni jema au baya. Asili yake ni tafakuri ya Kibudha, lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo, ambayo siku hizi huchukua wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, na mafunzo hayo hayamlazimu mtu kufuata dini yoyote.

Je, ni lazima nifukuze mawazo yote kichwani?

Hapana, na nasikitika kwamba dhana hiyo huwafanya watu wengi waache zoezi mapema wakidhani wameshindwa. Akili huzurura kwa kawaida yake. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa kupitia simu, saa mbalimbali za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mtu alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa.

Nianzeje?

Keti mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa, nyayo zikiwa sakafuni, kisha fuatilia pumzi mahali unapoihisi vizuri zaidi. Wengi huihisi puani, ambako hewa huingia ikiwa na ubaridi kidogo na kutoka ikiwa na uvuguvugu. Hazitapita pumzi nyingi kabla hujakumbuka ujumbe ambao hujaujibu, na kutoka hapo utajikuta umeshaanza kuutunga, umekisia mwenzako atasema nini, na hata taya zimekaza kwa hasira ya mazungumzo ambayo hayajafanyika. Unapogundua hivyo, tambua tu kwamba ulikuwa unawaza, legeza taya, urudi kwenye pumzi bila kujilaumu. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo mtu aliyerudi mara ishirini hakufanya vibaya kuliko aliyerudi mara mbili. Dakika 5 hadi 10 kila siku zinamtosha anayeanza.

Utulivu unaosemwa hutokana na nini?

Sehemu yake ni ya mwili. Mtu anapotoa pumzi polepole, neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na misuli nayo hulegea. Sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani zaidi, ni namna mtu anavyojifunza kuyatazama mawazo yake. Wazo kama "nitashindwa tu" likija ghafla huonekana kama habari ya kweli, na mwili huitika kana kwamba kushindwa kumeshatokea; lakini aliyezoea kuyaona mawazo yakija na kuondoka huweza kulitambua kuwa ni wazo, akajiuliza lina ushahidi gani, na ndipo akaamua la kufanya. Uwazi wa fikra huanzia katika nafasi hiyo fupi iliyopo kati ya kuhisi na kutenda.

Je, kuna ushahidi wa kitabibu?

Upo, ingawa haulifanyi zoezi hili kuwa tiba ya kila kitu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliohusisha watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, ulilinganisha mafunzo hayo ya wiki 8 na escitalopram, dawa inayotumika kutibu wasiwasi na sonona, na wasiwasi ulipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Izingatiwe kwamba washiriki hao walifundishwa na walimu waliobobea na walitakiwa kufanya mazoezi ya dakika 45 nyumbani kila siku.

Ninatumia dawa za sonona. Naweza kuziacha?

Usiziache wala usipunguze dozi bila kuzungumza na daktari wako, hata kama unajisikia vizuri, kwa kuwa kuziacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudi kwa ugonjwa. Zoezi linaweza kwenda sambamba na dawa.

Je, linaweza kumdhuru mtu?

Kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia ukatili, ajali au vita, kukaa kimya na kufumba macho huweza kuamsha kumbukumbu za kutisha au kuzidisha hofu. Hilo likikutokea, fumbua macho, tazama vitu vilivyo karibu nawe, sikia nyayo zinavyogusa sakafu, na usijilazimishe kuendelea. Unaweza kujaribu siku nyingine ukiwa unatembea polepole, au kutafuta mtaalamu wa afya ya akili wa kukuongoza. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kujiua, usisubiri zoezi liyatulize: mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende pamoja katika kituo cha afya kilicho karibu.