Meno ya mtoto na mfuko wa mzazi: maana ya hali ya kiuchumi na kijamii

Karibu kila ripoti ya afya ya kinywa ina sentensi ya namna hii: kuoza kwa meno ya watoto kunahusiana na hali ya kiuchumi na kijamii ya familia. Msomaji huipitia haraka, akabaki na jibu moja kichwani: watoto wa maskini huoza meno, wa matajiri hupona. Hapa Nairobi jibu hilo halifiki mbali. Kaa kidogo kwenye kliniki ya meno ya kulipia kule Kilimani au Hurlingham, hutakosa kumwona mtoto wa chekechea akijaziwa gego au kuwekewa kofia ya chuma ya kulikinga gego hilo. Ukienda Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda, utampata wa umri huohuo anayetafuna upande mmoja tu wa mdomo, na habari za kofia za chuma hajawahi kuzisikia. Meno yamewaoza wote wawili. Sasa hiyo sentensi ya ripoti inasema nini hasa?

Hali ya kiuchumi na kijamii ni nafasi ya familia kwenye ngazi ya maisha, na watafiti kwa kawaida huipima kwa mambo matatu: kipato, elimu ya wazazi na kazi wanayofanya. Mambo haya huandamana lakini hayalingani. Mwalimu wa shule ya msingi ana elimu nzuri na mshahara wa kubana. Mwenye matatu mbili barabarani anaweza kuwa na pesa zaidi yake na cheti cha darasa la nane. Kwa meno ya mtoto, kila jambo lina mlango wake wa kuingilia. Pesa hununua dawa ya meno, chakula na matibabu. Elimu, hasa ya mama, humsaidia mtu kusoma pakiti na kujua kwamba “kinywaji cha matunda” ni maji na sukari yenye rangi ya matunda. Kazi husahauliwa sana, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote: huamua nani yuko nyumbani saa ya kupiga mswaki, na nani anaweza kuomba ruhusa aende hospitali bila kupoteza pesa ya siku.

Kuipima hali hii mjini kwetu ni kazi. Ukimuuliza mama fua anapata kiasi gani kwa mwezi, atakuuliza wewe mwezi upi. Ndiyo maana uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa afya ya familia hauulizi mshahara. Huuliza vitu: sakafu ni ya nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, kuna televisheni? Majibu huunganishwa, kisha nchi nzima inagawanywa makundi matano tangu maskini hadi tajiri. Tatizo ni kwamba stima na maji ya mfereji yako karibu kila pembe ya Nairobi, hivyo familia nyingi za jiji, hata za kipato kidogo, huangukia makundi ya juu zikilinganishwa na Turkana au Mandera. Watafiti wengine hutumia aina ya shule, ya serikali au ya kibinafsi. Hapo pia kuna mtego. Kibera na Mathare zimejaa shule za kibinafsi za mabati zenye karo ya chini, ambazo mzazi huzichagua kwa sababu ya serikali iko mbali au imefurika. Ukimweka mtoto wa shule hiyo kapu moja na wa shule ya kibinafsi ya Karen, usishangae hesabu ikikuambia hakuna tofauti.

Tuingie kinywani. Juu ya jino hukaa utando wa bakteria. Mtoto anapokula sukari, bakteria nao hula, na taka yao ni asidi. Asidi ikizidi kiwango fulani (wataalamu huweka mpaka kwenye pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, ya takriban 5.5) madini ya tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka. Kisha mate huja kupoza asidi na kurudisha madini, shughuli inayochukua nusu saa au zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuhesabu ni mara ngapi kwa siku sukari inaingia mdomoni, kuliko ni vijiko vingapi. Soda moja iliyonywewa pamoja na chakula cha mchana huyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake. Soda hiyohiyo ikinywewa funda kwa funda tangu saa nane hadi saa kumi, mate hayapati nafasi hata kidogo.

Bakteria hawajui mshahara wa mtu. Hali ya familia hufika kwenye jino kwa kupitia ratiba ya sukari, floridi (madini yanayokinga meno) na daktari, na ratiba hiyo imebadilika kulingana na bei ya sukari. Kwa miaka mingi katika nchi nyingi za Afrika aliyeoza meno zaidi alikuwa mtoto wa mjini mwenye wazazi wenye nacho, maana peremende na biskuti ni yeye aliyezimudu, huku wa kijijini akila viazi na uji usio na kitu. Sukari iliposhuka bei na kufika kila kibanda, mambo yalianza kugeuka. Katika nchi tajiri yamegeuka kabisa: uchunguzi wa mwaka 2022 kwa watoto wa miaka mitano huko Uingereza ulikuta kwamba maeneo ya hali duni zaidi yalikuwa na watoto wenye meno yaliyooza zaidi ya mara mbili ya maeneo yenye nafuu zaidi. Nairobi iko katikati ya safari hiyo. Sura zote mbili ziko ndani ya jiji moja, wakati mwingine pande mbili za ukuta mmoja.

Tazama siku ya mtoto wa Mukuru mwenye miaka minne. Mama ametoka alfajiri kwenda kwa miguu Industrial Area kutafuta kibarua. Mtoto ameachwa kwa jirani anayelea watoto wa watu kwa malipo ya siku. Asubuhi chai ya rangi yenye sukari na mandazi. Saa nne anayelilia mama hupewa switi anyamaze, kwa sababu mlezi ana watoto wengine na mkono wake ni mmoja. Mchana ugali na sukuma, hapo jino limepumzika. Jioni dada yake anarudi shuleni na barafu ya rangi ya kunyonya aliyonunua getini kwa shilingi kumi, wanagawana, wananyonya polepole iwatoshe. Usiku mama amechoka, maji ya mtungi yamebaki ya kupikia, mtoto amelala kabla ya mswaki kukumbukwa. Ukijumlisha sukari yote ya siku hiyo huenda isifikie ya mtoto wa Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho. Lakini imeingia mara tatu, na jioni imenyonywa polepole.

Na wa Kileleshwa? Huyo amelala na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni hadi miaka miwili na nusu, shuleni hufungiwa juisi ya pakiti na biskuti za krimu, na mswaki wake husimamiwa na dada wa kazi ambaye akigombana na mtoto wa mwajiri juu ya dawa ya meno anajua nani atashindwa. Pesa imemletea sukari zaidi. Imemletea pia dawa ya meno yenye floridi kila siku, na hapo ndipo familia hizi mbili zinaanza kuachana.

Floridi ndiyo kinga iliyothibitishwa vizuri kuliko zote za kupaka. Husaidia madini kurudi kwenye jino na kulifanya gumu kwa asidi. Dawa ya meno inayofaa ina floridi sehemu 1000 hadi 1500 kwa kila milioni, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Mtoto chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Tyubu moja inaweza kwenda mbali sana, lakini katika uchumi wa kadogo, ambapo unga, mafuta na sukari hununuliwa vya leo tu, tyubu hushindania shilingi zilezile na mafuta ya taa. Ikiisha Jumanne, inangoja.

Maji nayo yana kisa chao. Ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yana floridi kidogo. Ya visima virefu, ambavyo majengo mengi ya ghorofa hutegemea, mara nyingi yana floridi nyingi kuliko kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto aliyekulia maji hayo anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Watu wakimwona husema meno yameoza. Hayajaoza, ni madoa ya floridi, jambo lingine kabisa, na jirani mwenye kisima ndani ya geti anaweza kuwa na madoa hayo zaidi kuliko mwenye mtungi.

Tofauti kubwa kabisa, hata hivyo, huonekana baada ya jino kutoboka. Hapa ndipo ningependa msomaji wa ripoti asimame. Watafiti huhesabu meno ya mtoto kwa kujumlisha aina tatu: yaliyooza na bado yako wazi, yaliyong'olewa kwa kuoza, na yaliyojazwa. Watoto wawili wanaweza kuwa na jumla ileile ya meno manne. Wa kwanza ana manne yaliyojazwa, halali njaa, hakosi shule. Wa pili ana mawili wazi yenye usaha na mawili yaliyong'olewa. Ripoti ikikupa jumla peke yake itakuambia wanalingana. Ukiigawanya jumla hiyo ndipo utakapoona mfuko wa mzazi: kwa wenye nafasi sehemu ya “yaliyojazwa” hunenepa, kwa wasio nayo ni ile ya “yaliyooza”.

Sababu zake si siri. Kujaza jino ni ghali kuliko kuling'oa, na huweza kuhitaji kurudi mara ya pili. Kurudi mara ya pili ni nauli, foleni na siku nyingine ya kibarua iliyopotea. Basi mzazi hungoja. Hungoja kwa kutumia karafuu, maji ya chumvi, dawa ya maumivu ya dukani, mpaka shavu livimbe, na hapo daktari hana la kuchagua ila koleo. Kungoja huku hutiwa nguvu na msemo ambao nimeusikia kwa wenye magari na wasio na viatu: hayo ni ya utotoni, yatang'oka tu. Kweli yatang'oka, lakini meno ya utotoni ni 20 na magego ya nyuma hayatoki hadi miaka kumi au kumi na miwili. Tundu la mtoto wa miaka minne lina miaka sita au zaidi ya kuuma, na usaha wake unaweza kuliharibu jino la kudumu linalojijenga chini yake. Lingine la kujua: gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni na kuliacha lioze.

Tahadhari moja kuhusu neno “kunahusiana”. Halimaanishi kwamba kipato kidogo hutoboa meno. Katika plotini moja, vyumba vya kodi ileile, utakuta nyumba moja watoto wana meno mazima na ya pili hawana. Pengine nyanya yupo nyumbani na amekataza switi, pengine mtoto mmoja alizaliwa na enameli, yaani tabaka la nje la jino, dhaifu. Uhusiano ni wa makundi. Hukuambia uwezekano umeegemea wapi, na haukupi ruhusa ya kumtazama mama wa Mathare ukasema ni mzembe. Mafunzo ya kupiga mswaki yakitolewa bila kitu kingine mara nyingi hunufaisha zaidi waliokuwa na nafasi tayari, kwa kuwa wao ndio wenye muda, maji na tyubu ya kuyatekeleza.

Zinazopunguza pengo ni njia zisizomdai mzazi pesa wala muda mwingi. Moja ilizaliwa jirani: katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, madaktari walianza kukwangua jino bovu kwa vifaa vya mkono na kulijaza kwa saruji maalumu inayotoa floridi, bila mashine, bila umeme, na mara nyingi bila sindano. Njia hiyo sasa hutumika duniani kote na inaweza kufanyiwa kwenye dawati la darasa. Nyingine ni dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, inayopakwa kwenye tundu kwa dakika chache na kuzuia uozo usiendelee. Nayo imo kwenye ile orodha ya dawa muhimu ya mwaka 2021. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo, jambo ambalo wazazi wengi hulivumilia kwenye magego lakini hulikataa kwenye meno ya mbele. Mwenye bima huambiwa basi tujaze kwa rangi ya jino. Asiye nayo inabidi achague kati ya weusi na koleo, na wahudumu wanaokwenda mashuleni hawana budi kulieleza hilo mapema, kabla ya kumpaka mtoto wa mtu.