Si Kila Protini Humfikia Samaki

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote na wafugaji wa samaki ni hili: kitu gani kinaweza kushika nafasi ya unga wa samaki katika chakula? Kwa kawaida anayeuliza amekwisha kupata malighafi anayoitamani, na mkononi ana karatasi ya maabara inayoonyesha asilimia ya protini. Mimi huanza kwa kumwomba aiweke karatasi hiyo kando kwa muda, kwa maana tarakimu iliyoandikwa pale, hata ikiwa sahihi kabisa, haielezi ni kiasi gani cha protini hiyo kitaingia katika mwili wa samaki.

Katika kipimo cha kawaida, maabara haipimi protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani huwa na takriban asilimia 16 ya nitrojeni. Chochote chenye nitrojeni basi huhesabiwa kuwa protini. Mwaka 2007 melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi na isiyo na protini hata kidogo, iligunduliwa katika bidhaa za ngano zilizouzwa kama protini ya chakula cha wanyama, na sehemu yake ilikuwa imekwisha kuingizwa katika chakula cha samaki. Hata pasipo udanganyifu, kipimo hicho hupotosha. Manyoya ya kuku yana zaidi ya asilimia 80 ya protini, lakini protini hiyo ni keratini, ambayo nyuzi zake zimefungamana kwa nguvu kiasi kwamba hupita tumboni karibu kama zilivyoingia, isipokuwa manyoya yawe yamepikwa kwanza kwa mvuke wenye shinikizo.

Unga wa samaki umependwa kwa sababu za haki. Ulio bora una protini ya asilimia 60 hadi 72, humeng'enywa kwa urahisi, hauna sumu za mimea, harufu yake humvuta samaki kula, na huja pamoja na fosforasi na mafuta ya omega-3. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa yake hutokana na samaki wadogo wa baharini, hasa anchoveta wa Peru, ambao upatikanaji wao huyumba kila maji ya bahari yanapopata joto la El Niño. Mwaka 2023 msimu wa kwanza wa uvuvi huo katika kaskazini na kati ya Peru ulifutwa. Wakati huohuo ufugaji unaendelea kukua: kwa mujibu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 uzalishaji wa wanyama wa majini kwa kufuga uliupita ule wa kuvua kwa mara ya kwanza. Hakuna hesabu inayoweza kuulisha ufugaji wa ukubwa huo kwa samaki wadogo peke yao.

Jambo ambalo ningependa kila mfugaji alishike ni kwamba samaki hana haja ya protini kama protini. Anachohitaji ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na kumi kati ya hizo mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kiasi cha kumtosha. Fundi mwenye majora kumi ya kitambaa na vifungo vya mashati matatu atakamilisha mashati matatu tu. Vivyo hivyo, chakula kilichojaa protini lakini kikapungukiwa na methionini, mojawapo ya hizo kumi, hukuza samaki kwa kadiri ya methionini iliyomo. Tofauti ni kwamba fundi huweka akiba kitambaa kilichobaki, ilhali samaki hana ghala la asidi amino. Zile za ziada huzichoma kuwa nishati, na nitrojeni yake huitoa kupitia matamvua ikiwa amonia, ndani ya maji yaleyale anayoyapumua. Kwa hiyo mchanganyiko mbaya humgharimu mfugaji mara mbili, kwanza anaponunua chakula na tena anapohangaika na ubora wa maji.

Mashudu ya soya ndiyo mbadala uliotumika kwa upana zaidi, na yana mengi ya kufundisha. Protini yake ni kati ya asilimia 44 na 48, laisini yake, asidi amino nyingine kati ya hizo kumi, ni nzuri, methionini ni haba. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyokizuia kimeng'enya kinachovunja protini, na joto huviua. Lakini joto likizidi, laisini huungana na sukari zilizomo na samaki hawezi tena kuitumia, hali karatasi ya maabara ikiendelea kuonyesha asilimia ileile ya protini. Nimewahi kupokea mifuko miwili ya mashudu yenye protini sawa, mmoja ukiwa na rangi ya dhahabu na mwingine ya kahawia iliyokolea, na singethubutu kuitumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Aina ya samaki nayo ina uzito wake. Perege, mwenye utumbo mrefu uliozoea vyakula vya mimea, huvumilia soya nyingi. Samoni, ambaye ni mla nyama, hupata uvimbe katika sehemu ya mwisho ya utumbo anapolishwa mashudu ya kawaida kwa wingi, na saponini, kemikali za asili zilizomo katika soya, ni miongoni mwa visababishi vyake. Ndiyo maana watengenezaji huiosha soya kwa alkoholi ili kupata protini iliyosafishwa zaidi. Kwa njia hiyo, na kwa kuchanganya mimea mbalimbali, chakula cha samoni nchini Norwei, ambacho mwaka 1990 kilikuwa na takriban asilimia 90 ya malighafi za baharini, kilishuka hadi asilimia 30 hivi mwaka 2013. Kumbuka vilevile fosforasi: sehemu kubwa ya ile iliyo katika mbegu imefungwa ndani ya asidi ya fitiki, na samaki hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Huishia katika kinyesi na kurutubisha mwani. Kimeng'enya cha fitesi huifungua, ila ni vyema kikapuliziwa juu ya tembe zilizokwisha kutengenezwa, kwa kuwa joto la mashine hukiharibu.

Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mmea huo, na ya alizeti yana nyuzinyuzi nyingi ikiwa maganda hayakuondolewa. Yote mawili hufaa kwa kiasi.

Kuhusu mabuu ya inzi askari mweusi, nina matumaini yenye masharti. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki kuanzia Julai 2017, na uwezo wa mabuu hao kugeuza mabaki ya vyakula kuwa protini ni wa thamani kweli. Hata hivyo, ngozi yao ina kaitini, kitu kigumu kisicho protini lakini chenye nitrojeni, hivyo kuzidisha kwa 6.25 huikuza protini yao kupita kiasi. Watafiti wamependekeza 4.76 kwa mabuu mazima. Mafuta yao ni mengi, yamejaa asidi ya lauriki, aina ya mafuta kama ya nazi, na omega-3 ya aina ya baharini hukosekana pale wanapolishwa mabaki ya mimea, kwa hiyo mimi huchagua unga uliokamuliwa mafuta. Tena huuliza kila mara walilishwa nini, kwa sababu mabuu hao hulimbikiza kadimiamu, metali yenye sumu.

Bakteria wanaokuzwa kwa gesi ya methani, kama Methylococcus capsulatus, hutoa unga wenye protini ya takriban asilimia 70 bila kuhitaji shamba. Bakteria na hamira zina asidi nukleiki nyingi, yaani vitu vinavyobeba taarifa za urithi katika seli, ambazo kwa binadamu huongeza asidi ya yuriki, lakini samaki wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Chanzo kingine kisicho na makeke ni vichwa, mifupa na mabaki ya viwanda vya samaki, ambavyo leo hutoa karibu theluthi ya unga wote wa samaki duniani. Unga huo huwa na majivu mengi, yaani madini ya mifupa, na protini pungufu.

Ninapopima malighafi mpya, huchukua asilimia 70 ya chakula ninachokifahamu na 30 ya malighafi hiyo, nikaongeza alama isiyomeng'enywa kama oksidi ya itriamu, kisha nikachambua kinyesi. Kwa kulinganisha alama na asidi amino zilizo katika chakula na zilizo kinyesini, nitajua ni kiasi gani cha kila asidi amino kilichobaki mwilini, na hicho ndicho ninachokitumia kupanga chakula. Baadaye hufuata jaribio la ukuaji la wiki nane au zaidi, pamoja na kundi linalolishwa chakula cha zamani. Wakati mwingine hesabu zote huwa sawa na samaki wakakataa kula. Hapo unga wa samaki kidogo, asilimia chache tu, unaweza kurudisha hamu. Unga wa samaki unaosalia ningeutunza kwa ajili ya vifaranga na samaki wazazi, ambao hawavumilii makosa ya mchanganyiko kama wale waliokwisha kukua.