Bwawa la Mtoni: Tathmini Isiishie Mpakani

Bwawa likijengwa kwenye mto wa nchi mbili, swali huwa moja tu: maji yatapungua kiasi gani? Sisi tunaosoma ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira tunajua hilo halitoshi. Tope lenye rutuba hutuama nyuma ya ukuta, na maji yanayotoka bila tope huzila kingo za mto huko chini. Mitambo ya umeme ikifunguliwa jioni na kufungwa usiku, kina hupanda na kushuka ndani ya saa chache. Mayai ya samaki yaliyotagwa kandokando hubaki mchangani yakikauka. Mvuvi wa ng'ambo ya mpaka huyaokota bila kujua nani kafungua nini.

Sheria ya kimataifa inamtambua jirani huyo. Mwaka 2010, katika kesi ya Argentina na Uruguay kuhusu viwanda vya massa (rojo ya mbao ya kutengenezea karatasi) kwenye Mto Uruguay, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema tathmini ni wajibu wa kila nchi pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa kwa jirani. Ifanyike kabla ya kazi kuanza, kisha ufuatiliaji uendelee. Mwaka 2015 Costa Rica ilibainika kuukiuka wajibu huo kwa kujenga barabara kando ya Mto San Juan, mpakani na Nicaragua. Utetezi wake wa dharura ulikataliwa.

Kwa mabwawa, mfano ninaoupenda ni Kishenganga, mto unaotoka upande wa India kwenda Pakistan. Mwaka 2013 mahakama ya usuluhishi iliiruhusu India kuchepusha maji kuzalisha umeme, lakini ikaitaka iachie angalau mita za ujazo 9 kila sekunde ziteremke kuelekea Pakistan.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya kimataifa unazitaka nchi wanachama kutoa taarifa mapema pamoja na matokeo ya tathmini. Jirani ana miezi 6 ya kujibu, na katika muda huo mradi hautekelezwi bila ridhaa yake. Si kura ya turufu, ila ni nafasi ya kusikilizwa.

Kinachonisumbua ni kwamba hukumu ya 2010 iliachia sheria za ndani ziamue tathmini iwe na nini. Hapo ndipo ripoti nene huandikwa bila kumgusa mvuvi yule. Ukiipata ripoti ya bwawa, fungua kwanza ramani ya eneo la utafiti, uone mto umekatwa wapi.