Mchezaji wako akinyamaza: maswali ya makocha wa timu za watoto Kigoma

Afya ya akili ya watoto? Si ndiyo maana tunawapeleka uwanjani, mpira uwaondolee mawazo?

Unayaondoa, tena kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, na moja ya faida zake ni kupunguza dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Ila mtoto anayekimbia huku anatukanwa hapati faida hiyo. Anahitaji kujua ana nafasi kwenye timu hata siku akicheza vibaya, na mwenye kumpa uhakika huo ni wewe kocha.

Nitajuaje kama ni uvivu au ni shida?

Angalia kilichobadilika. Aliyekuwa mkimya tangu mwanzo huenda ndivyo alivyo. Aliyekuwa mchekeshaji wa timu, sasa anavalia viatu pembeni peke yake, huyo mfuate. Tazama pia kukosa usingizi, kukataa chakula, hasira za haraka, tumbo linalouma kila siku ya mazoezi bila ugonjwa kuonekana, na maneno kama "mimi sina maana". Hali ikiendelea karibu kila siku kwa wiki 2 na kumharibia shule au mchezo, apelekwe kwa mtabibu.

Usingizi uulize mapema. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikirudi alfajiri, kijana wa jirani na mwalo kama Kibirizi anaweza kuwa amebeba na kuanika kabla ya kwenda shule. Saa 10 jioni anakosa pasi nyepesi, nawe unampigisha raundi 10 za uwanja. Hapo umemwadhibu kwa kutolala. Mpe mazoezi mepesi, kisha ukawaone wazazi.

Nianzeje kuongea naye?

Si mbele ya wenzake, wala si mara tu baada ya kufungwa. Mwombe mkusanye mipira pamoja, mkiwa bado mnaonekana na watu. Kumwita mtoto chumbani peke yake si salama kwake wala kwako. Sema ulichokiona bila kumhukumu: "Wiki ya pili hii sikuoni ukicheka na wenzako, na jana umeondoka bila kuaga. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo makocha wengi wanapoharibu: kimya cha sekunde 10 kinawashinda, wanaanza kuhutubia. Akijibu "hakuna kitu, kocha," mwambie utamuuliza tena Alhamisi, na Alhamisi muulize kweli.

Usimwahidi kutunza kila siri. Mweleze mapema kwamba jambo linalohatarisha maisha yake utalazimika kumshirikisha mtu mwingine.

Akisema anatamani kufa?

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake hata kidogo. Mtafute mzazi au mlezi anayemwamini, ondoeni karibu yake dawa, sumu za shambani na kamba, na siku hiyohiyo mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni ya bure. Kama anayemuumiza yuko nyumbani, nenda kwa afisa ustawi wa jamii kwanza, usianzie kwa familia.

Nyumbani wanasema amerogwa.

Hata uwanjani tuna "kamati ya ufundi", wale wa kushughulikia uchawi wa mechi, kwa hiyo tusijifanye hatuelewi. Usigombane na bibi yake. Omba tu kwamba wakati familia inafanya yake, hospitali isiachwe. Simama imara kwenye yanayodhuru: kumfungia ndani, kumnyima chakula, kumnywesha dawa isiyojulikana.

Anatetemeka na kutapika kabla ya mechi.

Wasiwasi kidogo ni wa kawaida, na mara nyingi huisha filimbi ikipigwa. Mfundishe kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa taratibu kwa hesabu ya 6, mara 5 au 6. Aanze kujifunzia mazoezini. Siku ya mechi ni kuchelewa. Akitapika kila mechi, aonwe na mtabibu.

Amekosa penalti, tumetolewa.

Toka naye uwanjani bega kwa bega. Mwambie, "Mimi ndiye niliyekuchagua upige." Uchambuzi ni kesho. Usiku huo kazi yako iko kwenye grupu la WhatsApp la timu: video ya penalti ifutwe kabla haijafika shuleni kwao.

Na aliyevunjika mguu?

Huyu husahaulika haraka. Mpe kazi ya kweli, kwa mfano kuhesabu mipira iliyopotea kila kipindi, aje kusoma hesabu hiyo mapumziko. Tarehe ya kurudi ipangwe na mtabibu, hata kama fainali ni Jumamosi.