Hewa ya moto haiunguzi injini, hatari yake iko kwingine

Wengi wanaamini kwamba injini ikivuta hewa ya nyuzi joto 50 au 60, itachemka na kuungua. Si kweli. Mwako ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000, kwa hiyo hizo 60 za mlangoni si kitu. Magari mengi ya kabureta (kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa) yalitengenezwa makusudi yavute hewa iliyopashwa na ekzosi wakati wa baridi, ili petroli igeuke mvuke vizuri na kabureta isishike barafu.

Cha kuogopa ni injini kugonga. Hewa iliyoingia na joto, ikibanwa na pistoni, huwa na joto zaidi, na mchanganyiko ambao moto wa plagi haujaufikia unaweza kulipuka wenyewe. Utasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, hasa ukipanda mlima na mzigo. Ukiupuuza, unaweza kutoboa pistoni.

Ndiyo maana hakuna namba moja iliyo salama kwa kila gari. Nyuzi 60 ukienda taratibu kwenye tambarare kwa kawaida hazina shida. Nyuzi hizohizo kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa, petroli ya oktani ndogo (isiyostahimili sana kubanwa bila kulipuka yenyewe), na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, ni hatari kweli. Gari la kisasa lina sensa inayosikia kugonga huko, na kompyuta huchelewesha cheche: injini inapona, nguvu inapungua.

Nguvu hupungua pia kwa sababu hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa takriban asilimia 12.